Bunduki ya bolti kwa swala na kongoni: chagua risasi kwanza

Wanunuzi wengi huchagua bunduki, kisha ndipo waanze kuhangaika na risasi. Fanya kinyume chake. Leseni inataja kaliba (aina ya risasi inayoingia kwenye bunduki yako), na ukishaandikiwa umeandikiwa. Kubadili ni safari nyingine ya ofisi kwa ofisi.

Kwanza tumalize habari ya karatasi. Leseni ya kumiliki silaha inatoka polisi, chini ya sheria ya Tanzania ya silaha na risasi ya mwaka 2015. Kibali cha kuwinda ni kitu kingine: kinatoka kwa mamlaka ya wanyamapori, na kinataja aina ya mnyama, idadi na eneo. Kuwa na kimoja hakukupi kingine. Sheria ya uhifadhi wa wanyamapori ya 2009 inakataza kuwinda kwa bunduki inayojikoki yenyewe, kwa hiyo bolti, yaani bunduki unayoikoki kwa mkono kila risasi, si suala la kupenda mambo ya kizamani. Usilipe hata malipo ya awali ya bunduki kabla hujajua ofisi ya wanyamapori ya wilaya yako itakukubalia kaliba gani kwa mnyama gani.

Ushauri mwingi unaousoma mtandaoni umeandikwa kwa ajili ya kulungu wa Marekani, mnyama wa kilo 60 hadi 130 hivi. Kwa swala pala dume wa kilo 60, au swala granti aliyemzidi kidogo, unafaa kabisa. Swala tomi hata hafiki kilo 35. Lakini ukitoka Arusha kuelekea Longido, au ukishuka Simanjiro, utakutana na kongoni wa kilo 150, nyumbu wa 200 na zaidi, na pofu dume anayeweza kupita 700. Nchi yenyewe ni wazi: mnyama anasimama mita 150 au 200 mbali, anakutazama. Kwa hiyo unatafuta risasi inayokwenda moja kwa moja hadi mita 200, yenye uzito wa kuvunja bega la kongoni, na isiyokupiga teke la kukufanya ufumbe macho.

.243 Winchester ni laini begani na inapiga vizuri. Kwa swala tomi, granti na pala haina neno. Kongoni wa kukaa pembe mbaya hapana. .270 Winchester, ya mwaka 1925, inarusha kichwa cha greni 130 (gramu 8.4) kwa kasi inayozidi mita 900 kwa sekunde. Kwa mbuga wazi ni nzuri sana, ila kwa nyumbu nunua vichwa vya greni 150. .308 Winchester na .30-06 Springfield zinatumia vichwa vya kipenyo kilekile, lakini ganda la .308 ni fupi kwa milimita 12 hivi, kwa hiyo bolti yake inavutwa kidogo na bunduki inakuwa fupi na nyepesi. .30-06, ya mwaka 1906, inazidi pale unapotaka kichwa kizito cha greni 180 (gramu 11.7) kwa ajili ya pofu. Kwa mtu wa bunduki moja, tunasema .30-06 bila kusitasita. Akiwa na mwili mdogo au hapendi teke, .308.

6.5 Creedmoor inasifiwa sana siku hizi, na sifa nyingine ni za kweli. Swali ni moja tu: ukiishiwa, utaipata wapi? Kabla ya kuamua, pitia maduka yote yenye leseni unayoweza kuyafikia, uulize kila moja lina risasi gani leo kwenye rafu na zilizopita zilikuwa za aina gani. Usikubali jibu la “tutaagiza”. Kaliba isiyokuwepo kwenye maduka angalau mawili, iache hata kama bunduki yake inauzwa kwa bei ya kutupa. Pengine ndiyo sababu ya bei hiyo.

9.3x62 ilibuniwa Ujerumani mwaka 1905 kwa ajili ya makoloni ya Afrika, na kwa pofu ni mashine. Lakini kipenyo chake ni inchi .366, chini ya .375, kwa hiyo usiinunue huku ukimuwazia nyati kabla hujauliza. Nyati ni habari ya .375 H&H kwenda juu, bunduki ya zaidi ya kilo 4 yenye teke karibu mara mbili ya .30-06. Kumpiga swala kwa hiyo kila siku ni kujifundisha woga.

Kichwa cha risasi nacho kina maneno. Kwa swala wadogo, ncha laini ya kawaida inatosha. Kwa kongoni kwenda juu tafuta kichwa kisichopasuka ovyo: chenye madini ya risasi yaliyogandishwa kwenye gamba lake la nje, au cha shaba tupu. Cha kawaida kikigonga mfupa wa bega kwa kasi ya .270 kinaweza kuvunjikavunjika juujuu, mnyama akaenda na kidonda hadi giza liingie. Na moyo wa swala wa huku umekaa chini na mbele kuliko wageni wanavyodhani: panda na mstari wa mguu wa mbele, ishia theluthi ya chini ya mwili.

Sasa dukani. Mwombe muuzaji afungue bolti, hakikisha chemba na magazini ni tupu kwa macho na kwa kidole. Elekeza mtutu mahali salama, fumba macho, inua bunduki begani kama unavyoona ni sawa, kisha fumbua. Jicho likijikuta katikati ya darubini, kitako kinakufaa. Ukiona kivuli cheusi pembeni, au unanyoosha shingo, hakikufai. Kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako, wengi huhitaji sentimita 34 au 35. Mwenye mikono mifupi apunguziwe kitako, asijilazimishe.

Omba risasi za mazoezi, zisizo na baruti, ujaze magazini. Koki polepole, kisha haraka, kisha kwa nguvu kama mtu aliyeshtuka. Ganda likisimama wima au likigoma kuingia, rudisha bunduki. Angalia kulabu inavyoshika ganda. Kwenye mfumo wa Mauser 98, na ndugu zake kama Ruger Hawkeye na CZ 550, kulabu kubwa inashika kitako cha ganda mara tu linapotoka magazini, kwa hiyo ukirudisha bolti kabla haijafika mwisho, ganda linatoka nayo. Kwenye Remington 700, Tikka au Howa, ganda linasukumwa tu hadi bolti ifungwe. Ukiishia njiani na kuvuta tena, ya kwanza inabaki mbele na ya pili inaigonga kwa nyuma. Kwa swala mfumo wowote unafaa. Kwa nyati chagua wa Mauser.

Magazini ya kuchomoa ni rahisi kupakua ukirudi kwenye gari, lakini ikidondoka kichakani bunduki inakuwa ya risasi moja. Kifyatulio kiachie kwa uzito wa kilo 1.5 hivi, bila kukwaruza. Kitako cha plastiki hakipindi wakati wa masika kule Marangu na Machame, wala hakilii mtu akikikwaruza kwenye migunga. Cha mti ni kizuri. Basi.

Pesa uliyookoa kwenye urembo itie kwenye darubini ya 3-9x40 (inakuza mara 3 hadi 9, kioo cha mbele ni milimita 40) au 2-7, na vifungio imara. Iwe na nafasi ya jicho, yaani umbali kati ya jicho na kioo cha nyuma, ya sentimita 9 au zaidi, la sivyo itakupasua nyusi.

Kabla ya kupiga risasi ya kwanza, futa mafuta ya kiwandani ndani ya mtutu hadi kitambaa kitoke kikavu, na kaza skrubu zote za vifungio na za kitako. Darubini “mbovu” nyingi ni skrubu zilizolegea. Kwenye uwanja wa shabaha ulioidhinishwa anza mita 25, ukiegemeza sehemu ya mbele ya kitako, iliyo chini ya mtutu, kwenye mfuko wa mchanga, kamwe si mtutu. Ikishagonga alama yenyewe hapo, nenda mita 100. Darubini nyingi husogeza milimita 7 kwa mbofyo mmoja kwa mita 100, na chini ya milimita 2 kwa mita 25, kwa hiyo usishangae kubofya sana karibu. Piga risasi 3, acha bolti wazi mtutu upoe dakika 5 au zaidi, ndipo urekebishe kwa wastani wa matundu yote. .30-06 ya greni 180 iache ikigonga sentimita 5 juu ya alama kwa mita 100. Itakuwa kwenye alama karibu na 180, na sentimita 4 hivi chini kwa 200. Mita 300 imeshashuka zaidi ya sentimita 30, kwa hiyo sogea karibu.

Ukibadilisha aina ya risasi, hata kama uzito ni uleule, rudia kazi hiyo. Usiache risasi juu ya dashibodi juani: joto linapandisha shinikizo la baruti, na dalili yake ni bolti kuwa ngumu kufunguka. Soma maandishi kwenye kitako cha kila ganda unapojaza magazini, maana .270 na .30-06 zikichanganyika mfukoni hazitofautishiki kwa kupapasa. Ukirudi nyumbani, usiihifadhi bunduki ndani ya mfuko wa ngozi. Ngozi inashika unyevu, na kutu huanza chini ya vifungio vya darubini, mahali usipopaona.