Kabla Hujafunga Safari ya Kuona Maua Nairobi

Kila mwaka Septemba ikikaribia kwisha, simu yangu huanza kuingia swali moja: "Yameshachanua?" Ndugu wa Mombasa, rafiki wa Kisumu, hata jirani aliyehamia Arusha, wote wameona picha ya barabara ya Nairobi iliyogeuka zambarau, na wote wanataka kuja. Njooni. Mjakaranda ukichanua unastahili kufungiwa safari. Lakini soma haya kwanza, kwa sababu mengine nimeyajua baada ya mtu kuumia.

La kwanza kabisa: maua hayafuati kalenda, yanafuata hali ya hewa. Mjakaranda si mti wa huku, asili yake ni Argentina na Bolivia, ila umeshika majira yetu vizuri. Baada ya miezi ya baridi hupukutisha majani, kisha jua likirudi huchanua kabla majani mapya hayajajaa, ndiyo maana unaona mti mzima umevaa rangi moja. Hapa Nairobi mwezi wake mkubwa ni Oktoba. Sasa angalia: Oktoba ndiyo pia vuli inapobisha hodi. Mvua moja kubwa ya usiku inaweza kushusha chini maua uliyokuwa unayasubiri wiki mbili. Kwa hiyo usikate tiketi kwa kufuata tarehe ya picha ya mwaka jana. Mpigie mtu anayeishi hapa, mwambie atoke nje akupigie picha ya leo, na umsisitize apige matawi, si barabara. Zulia la maua likiwa nene sana chini, ujue juu matawini hakuna kitu.

Picha za zamani zina hatari nyingine. Miti mingi na vichaka vya bogenvilia vilivyokuwa kando ya barabara kuu za jiji viliondolewa wakati wa kujenga barabara ya juu ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa 2022. Usije ukamzungusha dereva wa teksi nusu siku ukitafuta mti uliokwisha kukatwa. Nenda Arboretum, shamba la miti lililoanzishwa 1907. Pita State House Road, zunguka mitaa ya Kileleshwa na Lavington. Huko jakaranda bado ipo ya kutosha.

Ukiwa State House Road, piga picha miti. Usielekeze kamera kwenye mageti ya Ikulu wala kwa askari. Droni iache nyumbani kama huna kibali. Na popote ulipo kando ya barabara, usisimame umenyoosha simu mkono mmoja huku pikipiki zinapita nyuma yako. Simu huondoka hivyo hivyo.

Sasa viatu. Najua hakuna anayewaza viatu akienda kutazama maua, nami sikuwaza, na hapa nitakaa kidogo.

Shangazi yangu anaishi Mombasa. Mwaka mmoja nilimtumia picha mwanzoni mwa Oktoba, akajibu, "Mwanangu, hayo lazima niyaone kwa macho yangu." Lakini alikuwa na harusi ya kusimamia, kisha mgeni, na alipopanda treni zilikuwa zimepita wiki tatu. Nilimpokea Syokimau jioni, mawingu yamejaa, na usiku ule ikanyesha mvua ya kupiga mabati mpaka alfajiri. Asubuhi nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumwomba radhi. Tulipofika kwenye barabara niliyomwahidi, matawi yalikuwa karibu matupu, lakini chini palikuwa zambarau tupu, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na magari bado machache. Shangazi alisimama akashika kifua. "Kumbe wametandika!" akasema, akaanza kutembea polepole pembeni mwa barabara, pindo la buibui kalishika mkononi lisilowe.

Alikuwa amevaa makubadhi, yale ya ngozi, ya kwao. Soli yake ni ngozi pia, laini kama kiganja.

Mimi nilikuwa mbele yake narudi kinyumenyume, nachukua video. Video hiyo ninayo na nimeitazama mara nyingi kutafuta kosa lilikuwa wapi. Sekunde chache za mwanzo anakanyaga maua mapya, yaliyoanguka usiku ule, bado yana umbo la tarumbeta ndogo, na mguu unatulia sawasawa. Halafu anasogea kwenye mteremko wa kuingilia geti la nyumba moja. Pale maua ya siku za nyuma yalikuwa yameshasagwa na magari yanayotoka na kuingia. Yamekuwa ya kahawia, yameshikamana na saruji kama bamia iliyopikwa ikapoa. Juu yake limetandazwa tabaka jembamba la maua mapya, kwa hiyo macho yanaona zambarau ile ile. Mguu wa kulia unateleza mbele, mkono wa kushoto unatangulia chini, na video inaishia kwenye anga kwa sababu simu niliiachia.

Kifundo cha mkono kilivunjika. Tulikaa hospitali hadi alasiri, akarudi Mombasa na plasta, na kwa wiki sita hakuweza kukanda unga wala kufunga mtandio wake mwenyewe. Hakunilaumu hata mara moja. Mimi ndiye niliyejua njia ile na mimi ndiye niliyepaswa kutazama miguu yake badala ya skrini.

Basi ukija, vaa viatu vya raba vyenye meno. Makubadhi, kandambili, viatu vya kisigino, vyote vibaki hotelini. Tembea pale ambapo maua bado yana umbo. Yaliyopondeka yazunguke, hasa kwenye mteremko, kwenye ngazi na kwenye vifuniko vya chuma. Kando ya ukingo wa barabara gusa kwanza kwa ncha ya mwavuli, kwa sababu Nairobi ina mitaro isiyokuwa na vifuniko, na maua hayachagui pa kujazana. Mwenye umri mkubwa mshike mkono, hata akikataa. Anayepiga picha asimame, asitembee. Na mtoto asivuliwe viatu ili picha ipendeze: nyuki huendelea kuingia ndani ya maua yaliyokwisha kuanguka, na mtoto akikanyaga ua, anamkanyaga na nyuki.

Mwenye pumu au mafua ya chavua abebe dawa yake mfukoni, si kwenye begi lililobaki kwenye gari.

Kama una siku zaidi ya moja, usiishie kwa jakaranda. Kwenye Msitu wa Karura kuna murarachi, mti ambao ukichanua unavaa waridi mpauko juu kabisa, kwa hiyo usisahau kuinua kichwa. Msitu huo haukubaki kwa bahati. Mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake waliupigania, na Januari 1999 alipigwa hadi kichwa kikatoka damu alipokwenda kupanda mti langoni. Ukiingia huko usivunje tawi kwa ajili ya picha, tafadhali. City Park nako pazuri, ila chakula kifiche. Kima wa pale wanafungua mfuko haraka kuliko wewe.

Mbuga ya Nairobi, iliyotengwa 1946, ina ua ambalo wageni wengi hupita wakidhani ni uchafu. Mvua zikishika, katikati ya nyasi unaona vitu vyeupe vimetawanyika kama karatasi laini za chooni zilizofinywa zikatupwa. Ni ua hilo, Cycnium, linalojishikiza kwenye mizizi ya nyasi na kujinyonyea huko sehemu ya chakula chake. Mimi nalipenda kuliko jakaranda, kwa kuwa ni la hapa. Tatizo ni kwamba linapenda udongo mweusi unaonata, na mvua inayolifungua ndiyo inayoifunga njia. Gari dogo lisithubutu barabara za ndani baada ya mvua. Kushuka garini kulisogelea hairuhusiwi, isipokuwa sehemu zilizotengwa; simba wanaishi mle. Kiingilio kinalipwa kupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, si kwa noti, kwa hiyo fanya malipo ukiwa bado nyumbani penye mtandao mzuri.

Maua ya kahawa yanahitaji bahati. Ukame ukivunjwa na mvua nzuri, baada ya siku kadhaa mashamba ya Kiambu na Ruiru huwa meupe, na harufu yake, inayokaribia asumini, unaipata ukiwa bado barabarani na kioo kimeshushwa. Siku chache tu, kwisha. Hapo omba ruhusa kwa mwenye shamba kabla hujaingia, na usichume hata ua moja. Kila ua pale ni punje ya kahawa ya mtu, na ada ya shule ya mtu.

Naivasha watu hukosea sana. Wanasikia Kenya inauza waridi duniani, wanapanda gari asubuhi, wanafika na kukuta ukuta, lango na mlinzi. Yale ni mashamba ya kazi. Waridi ziko ndani ya nyumba za plastiki, dawa hupulizwa, na hata wafanyakazi wana muda wa kusubiri kabla ya kuingia tena. Bila mwaliko uliothibitishwa, utaona plastiki na ziwa. Wiki za kabla ya Februari 14 hata kuuliza usiulize, kila mtu huko anakimbizana na ndege ya mizigo. Vilevile maonyesho ya IFTEX yanayofanyika Nairobi, kwa kawaida mwezi wa Juni, ni ya wauzaji na wanunuzi wa maua; usilete watoto ukidhani ni sikukuu.

Ukishuka kwa treni kuelekea Pwani wakati wa kiangazi, tazama dirishani ukifika upande wa Tsavo. Kuna mti mfupi wenye shina nene, hauna jani, umejaa maua ya waridi katikati ya vumbi. Ndio mwaridi wa jangwani. Tazama tu. Utomvu wake ni sumu ambayo wawindaji wameipaka kwenye mishale tangu zamani. Na hata huku juu, Limuru na vitongoji vya Nairobi, yale maua makubwa yanayoning'inia kwenye nyua kama tarumbeta ni sumu pia, kwa hiyo mtoto asiyaweke mdomoni. Kwa ujumla, ua usilolijua usilinuse kwa kulibana puani, usilitafune, usilipe mbuzi wa watu.

Mengine unayajua mwenyewe. Beba maji na sweta, Nairobi ya Oktoba asubuhi bado ina baridi. Toka mapema, saa moja barabara bado ina nafasi na maua hayajakanyagwa. Ondoka kwenye misitu na bustani kabla ya giza kuingia. Usiegeshe gari chini ya mti wenye nyuki. Mwambie mtu unakwenda wapi, na namba yake iandike kwenye karatasi uiweke mfukoni. Mvua ikianza, jikinge kwenye jengo, mti uache. Ukiwa na mzee, panga choo kabla ya kupanga picha.

Shangazi anataka kurudi mwaka huu. Ameshanunua raba, amenitumia picha yake, nyeusi zenye meno makubwa. Nimemwambia asikate tiketi mpaka nitoke nje nikamtazamie matawi.