Namna ya kusoma historia ya dunia ukianzia bandarini kwetu

Assalamu alaykum. Hii nawaandikia vijana wa fomu tu na fomu foo, na wazazi wenye watoto wanaokesha na daftari la historia wakikariri Bismarck, Napoleon, vita vya kwanza, vita vya pili, na asubuhi yote yamesharuka. Ushauri wangu ni mmoja tu, usianze na orodha ya miaka. Anza na kitu kilichokuwepo hapa hapa Unguja au Pemba, ukifate kilitoka wapi na watu wake wakaishia wapi. Ukifanya ivo dunia nzima utaikuta humo.

Chukua daftari kubwa, gawa ukurasa sehemu tatu: nini kilitokea na lini, nani walikuwepo, na baada ya hapo walikwenda wapi. Hiyo ya tatu ndo wengi wanairuka, na ndo yenye utamu wote.

Mfano nnaoupenda sana ni meli ya Glasgow. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, mikarafuu na minazi ikalala chini, na meli za Sultani Barghash zikavunjika bandarini. Akaagiza meli mpya kutoka Uskoti, ikajengwa 1878, ndo hiyo Glasgow. Sasa kabla hujaenda mbele simama hapo kwenye kimbunga kidogo, mana Pemba kwa sehemu kubwa ilisalimika, mikarafuu yake ikabaki wakati ya Unguja imekwisha, na tokea hapo Pemba ndo ikawa kisiwa cha karafuu mpaka leo. Ukiandika hilo jiulize na karafuu zile nani alikuwa akizichuma. Watumwa. Soko la Mkunazini lilifungwa 1873 kwa mkataba uliopiga marufuku biashara ya kuwasafirisha kwa bahari, lakini utumwa wenyewe uliendelea mashambani mpaka amri ya 1897, na hata amri hiyo haikumaliza yote kwa siku moja. Wanafunzi wengi wanaichanganya miaka hii miwili na wanapoteza maksi za bure, basi iandike mbalimbali.

Rudi kwa Glasgow. Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini kafariki, Khalid bin Barghash kaingia kasri bila ya ridhaa ya Waingereza, na asubuhi ya tarehe 27 saa tatu meli za kivita za Admirali Harry Rawson zikaanza kupiga mizinga. Glasgow ilijibu, ikazamishwa pale pale, na milingoti yake ikabaki inaonekana juu ya maji kwa miaka mingi. Mitandaoni watu wanapenda kusema vita vifupi kuliko vyote duniani, dakika 38, na wengine wanasema 45, basi andika zote mbili. Ila naomba sana dakika zisiwe mstari wa kwanza kwenye daftari lako. Mstari wa kwanza uwe watu, kama mia tano wa upande wetu walikufa au kujeruhiwa, na upande wa pili baharia mmoja kajeruhiwa.

Halafu jaza ile sehemu ya tatu. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, Wajerumani wakamtoa kwa bahari wakampeleka Dar es Salaam, akakaa huko mpaka Waingereza walipomkamata 1916 katikati ya vita vya kwanza vya dunia, wakampeleka uhamishoni Seychelles na St Helena, na St Helena ndo kisiwa kile kile alichofia Napoleon 1821, mwisho wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki akafariki Mombasa 1927. Na Rawson je? Miezi sita tu baada ya kuipiga Unguja, Februari 1897, aliongoza jeshi lililouteka mji wa Benin huko Nigeria, mji ukaungua na sanamu zake za shaba zikachukuliwa, zile ambazo mpaka leo watu wanadai zirudishwe. Umeona? Meli moja imekupa kimbunga, karafuu, utumwa, Ujerumani, Napoleon na Benin, na hujakariri kitu.

Kwa majanga ya mbali tafuta mwaka wa jirani. Beit el Ajaib, lile jumba la Sultani pale Forodhani, lilijengwa 1883, na mwaka huo huo, tarehe 27 Agosti, volkano ya Krakatoa ililipuka Indonesia ikaua zaidi ya watu 36,000, na mlio wake ulisikika mpaka kisiwa cha Rodrigues kwenye bahari yetu hii hii ya Hindi. Vita baridi vianzishe Kikwajuni, kwenye zile fleti zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi, uliza kwa nini Wajerumani wale na si wale wa Magharibi.

Ukifika 1964 ongea na wazee, lakini kwa adabu. Nenda baada ya alasiri, toa shikamoo, kaa, simu iache mfukoni mpaka uruhusiwe. Usimuulize nani alikuwa na haki, muulize ulikuwa wapi siku ile, nyumbani mlikuwa nani na nani. Akinyamaza mwache anyamaze, kuna nyumba zimebeba msiba mpaka leo. Na usichukue nyumba moja tu, sikiliza na ya pili ambayo haikubaliani na ya kwanza, kisha tarehe zihakikishe kwenye ofisi ya Nyaraka pale Kilimani, ukienda uwe umeshaandika swali na mwaka, usiende kusema tu nataka historia.

Sasa fanya mwenyewe na Pegasus. Ni meli ya Kiingereza iliyokuwa bandarini kwetu inatengenezwa tarehe 20 Septemba 1914, ikavamiwa alfajiri na meli ya Kijerumani Königsberg ikazama, na baadhi ya mabaharia wake wamezikwa kisiwa cha Chapwani. Ifate Königsberg ilivojificha delta ya Rufiji mpaka ikamalizwa Julai 1915, uone mizinga yake ilivovuliwa ikaburuzwa bara kwa jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki, kisha tafuta kwa nini yeye alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 wakati Ulaya vita vilishasimama tarehe 11.