Kabla ya meno, kunja ubavu: kuchagua tairi la pikipiki hapa Goma

Wandugu motari, mimi zamani nilikuwa naangalia meno tu. Nikanunua tairi la nyuma kule Birere, meno marefu, jeusi linang'aa, bei nafuu. Wiki tatu hazijaisha, nimebeba mama na gunia lake la makala (makaa) kuelekea Ndosho, koro, lile jiwe la volkano, likalichana ubavuni hadi kidole kikapita. Mama alishuka salama, namshukuru Mungu.

Mzee wa kwado, fundi wa kuziba matairi ninayemwamini, hakugusa meno. Aliukunja ubavu kwa vidole gumba viwili, na nyufa ndogondogo zikafunguka pale kwenye mkunjo kama udongo uliokauka. Akapangusa vumbi, akanionyesha tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 1117. Yaani lilitengenezwa wiki ya 11 ya mwaka 2017. Tairi lilizeekea stoo, likapakwa dawa ya kung'arisha.

Basi sasa nakunja kwanza. Makoro haya ya volkano yetu ya Nyiragongo, yaliyoshuka hadi katikati ya mji mwaka 2002, yana makali kama chupa iliyovunjika, na hukata pembeni. Muuzaji akikataa usilikunje tairi lake, mwachie.

Vipimo visome kwenye tairi la zamani. Langu la mbele ni 2.75-17, la nyuma 3.00-17, hiyo 17 ni inchi za rimu, haibadilishwi. La nyuma tafuta lenye 50P au zaidi: 50 maana yake linabeba kilo 190, na P ni herufi ya mwendo. Tena likiwa 6PR (PR ni kipimo cha nguvu ya matabaka ya tairi) ni gumu kuliko 4PR, na kwa sisi wa magunia tofauti hiyo inaonekana.

Meno chukua ya wastani, yenye nafasi ya kutema matope. Yale makubwa ya porini huteleza kwenye lami mvua ikinyesha, na lami huyala upesi.

Kuna tabia inayoniumiza roho: tairi la nyuma likichakaa, mtu analihamishia mbele. Ndugu yangu, gurudumu la mbele ndilo linaloshika njia unapofunga breki. Likipasuka huko, wewe na abiria mko chini.

Rimu zetu ni za spoki, kwa hiyo nunua na mpira wa ndani mpya wa kipimo kilekile. Ule wa zamani umeshatanuka, ukiurudisha utajikunja na kutoboka. Kwado apitishe mkono ndani kutafuta misumari, na mshale wa ubavuni ufuate mzunguko wa gurudumu. Upepo usiwe pungufu, la sivyo jiwe litaubana mpira kwenye rimu.

Siku mbili tatu za kwanza usilaze pikipiki kwenye kona. Tairi jipya lina utelezi, mpaka barabara ilikwaruze kidogo.