SOMO: Namna ya kuchagua kadi ya mkopo yenye pointi na faida za safari

Ndugu wanachama, habari zenu. Maswali kuhusu kadi za mkopo zinazotoa pointi yamekuwa mengi, na majibu mengi yanaanzia kwenye jina la kadi. Leo tuanzie kwa mwenye kadi. Kadi inayomfaa mtu wa kusafiri kila mwezi inaweza kumtia hasara anayesafiri mara moja kwa mwaka. Na kwa mtu anayebakiza deni kila mwezi, hakuna kadi ya pointi iliyo nzuri hata moja. Someni taratibu na mwe na kalamu karibu, kuna hesabu kidogo.

Kwanza tujue pointi zinatoka wapi. Unapolipa kwa kadi, muuzaji hapokei pesa yote. Anakatwa kiasi, na sehemu kubwa ya makato hayo inakwenda kwa benki iliyokupa kadi. Humo ndimo benki inamopata cha kukurudishia, pamoja na ada za mwaka na riba za wanaochelewa kumaliza deni. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2015 ya kuweka ukomo wa sehemu hiyo inayokwenda kwa benki, asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo za watu binafsi, na nafasi ya benki kugawa pointi ikabanwa. Marekani haina ukomo wa aina hiyo kwa kadi za mkopo, ndiyo maana bonasi kubwa mnazoziona mitandaoni nyingi ni za huko. Ukiishi nchi nyingine usizipime kadi za kwenu kwa kipimo hicho, utakata tamaa bure.

Hatua ya 1: Jiulize kama unamaliza deni lote kila mwezi

Hapa sitazunguka. Kama jibu ni hapana, ishia hapa, tafuta kadi yenye riba ndogo, lipa deni, kisha urudi kwenye somo hili.

Tuseme umebakiza deni la 1,000 kwa sarafu yoyote unayotumia, na riba ni asilimia 24 kwa mwaka. Mwezi mmoja ni takriban 20. Manunuzi yale yale ya 1,000 yalikupa pointi zenye thamani ya 10, ukibahatika sana 20. Pointi umepewa mara moja tu, riba inarudi kila mwezi. Tena kwa kadi nyingi, ukishabakiza deni, hata manunuzi mapya yanaanza kuhesabiwa riba siku ile ile, maana kile kipindi kisicho na riba kinaondoka. Kulipa kiwango cha chini kinachoandikwa kwenye stetimenti (taarifa ya mwezi ya kadi) kunakuepusha na faini ya kuchelewa, lakini riba inaendelea kukimbia.

Weka malipo ya moja kwa moja ya deni lote, siku chache kabla ya tarehe ya mwisho. Hilo ndilo jambo la kwanza kufanya kadi ikifika mkononi, kabla hata ya kununua chochote.

Hatua ya 2: Toa stetimenti za miezi mitatu

Pitia mstari kwa mstari na ugawe matumizi: chakula cha nyumbani, migahawa, mafuta ya gari, usafiri, bili, manunuzi ya mtandaoni. Usiandike unavyodhani unatumia, andika kilichotumika. Watu wengi hukadiria safari kuwa nyingi kuliko zilivyo, wakachukua kadi yenye pointi mara tatu kwenye tiketi za ndege, kumbe pesa yao inaishia kwenye chakula na bili, ambako kadi hiyo inatoa pointi moja tu.

Kuna jambo dogo hapa ambalo wengi hawalijui. Benki haitazami ulichonunua, inatazama namba ya tarakimu nne aliyosajiliwa nayo muuzaji, inayoonyesha aina ya biashara yake. Ukila kwenye mgahawa ulio ndani ya hoteli, malipo yanaweza kusomeka kama hoteli. Ukinunua mboga kwenye duka kubwa linalouza kila kitu, yanaweza yasihesabiwe kama chakula kabisa. Kwa hiyo kama sehemu kubwa ya matumizi yako iko kwa muuzaji mmoja, fanya malipo madogo ya majaribio kisha uangalie pointi zimeingia kwa kundi gani.

Hatua ya 3: Chagua aina ya pointi

Aina ni tatu. Kuna kurejeshewa pesa taslimu, kuna pointi za shirika moja la ndege au hoteli, na kuna pointi za benki zinazoweza kuhamishiwa mashirika kadhaa.

Asiyesafiri sana, au asiyependa kukaa kwenye kompyuta akitafuta nafasi za tiketi, achukue pesa taslimu na aishi kwa amani. Nasema hivi kwa moyo wote, kwa sababu pesa taslimu haina masharti ya kuitumia.

Pointi za shirika moja zinamfaa mwenye njia yake ya kudumu. Lakini angalia pia muungano ambao shirika hilo limo. Star Alliance ina Lufthansa, United, Singapore Airlines na Ethiopian. Oneworld ina British Airways na Qatar Airways. SkyTeam ina Air France, KLM, Delta na Kenya Airways. Maili zako (ndivyo pointi za ndege zinavyoitwa) za shirika moja zinaweza kukununulia tiketi kwenye ndege ya mwenzake katika muungano huo, na mara nyingine kwa pointi chache zaidi. Watu husahau kabisa kuangalia hili.

Pointi za benki ndizo ninazozipenda zaidi, kwa kuwa hazikufungi. Tahadhari ni moja: ukishazihamishia shirika la ndege, kwa kawaida hazirudi. Usihamishe mpaka uwe umeiona tiketi yenyewe ikiwa wazi kwa tarehe unayotaka.

Hoteli nazo zina hesabu yake. Pointi zake huonekana nyingi, lakini kila moja ina thamani ndogo. Marriott Bonvoy, programu ya pointi ya hoteli za Marriott, kwa mashirika mengi ya ndege hubadilisha pointi 3 kwa maili 1, na ukihamisha 60,000 kwa mkupuo unaongezewa maili 5,000. Kwa hiyo 60,000 zinakuwa 25,000. Tangazo la bonasi ya pointi 60,000 za hoteli msilipime sawa na 60,000 za ndege.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya thamani ya pointi moja

Chukua bei ya tiketi kwa pesa taslimu, toa kodi na ada utakazolipa hata ukitumia pointi, gawanya kwa idadi ya pointi.

Mfano. Tiketi ni 600 kwa pesa. Kwa pointi ni 30,000 pamoja na kodi na ada 120. Inabaki 480, ukigawanya kwa 30,000 unapata senti 1.6 kwa pointi. Njia nyingine, tiketi ni 400, pointi ni 30,000 zile zile, ila kodi na ada ni 220. Inabaki 180, yaani senti 0.6. Hiyo ya pili lipa kwa pesa, pointi zako uziache. Baadhi ya mashirika hutoza nyongeza nzito inayoitwa ya mafuta juu ya tiketi za pointi, na hapo ndipo neno "bure" linapoteza maana.

Na pointi hazifai kulundikwa. American Airlines ilianzisha AAdvantage, programu yake ya maili, mwaka 1981, na kwa miaka mingi mashirika yalikuwa na jedwali la bei: safari fulani, maili fulani. Delta iliondoa jedwali lake mwaka 2015, United ikafuata mwaka 2019. Sasa bei ya pointi inapanda na kushuka pamoja na soko. Muda wa kuisha nao unatofautiana. Za Delta haziishi muda, za KrisFlyer, programu ya Singapore Airlines, kwa kawaida zinaisha baada ya miezi 36. Andika tarehe mahali unapopaona.

Hatua ya 5: Ada ya mwaka ijilipe yenyewe

Kadi ya kwanza haina ada na inatoa pointi 1 kwa kila 1 unayotumia. Ya pili ina ada 100 na inatoa pointi 2. Kama pointi ni senti 1, ya pili inakuzidishia senti 1 kwa kila 1. Ili kurudisha 100 unahitaji kutumia 10,000 kwa mwaka. Ukitumia 8,000, kadi isiyo na ada imekushinda.

Kadi za ada kubwa hujitetea kwa marupurupu: fedha za kutumia hotelini, punguzo la usafiri, launji (ukumbi wa kupumzikia uwanja wa ndege). Hesabu yale tu ambayo ungeyalipia kwa pesa yako hata bila kadi. Mengine yaandikie sifuri.

Hatua ya 6: Bonasi ya kujiunga

Mara nyingi bonasi ndiyo yenye pointi nyingi kuliko mwaka mzima wa manunuzi. Sharti lake ni kutumia kiasi fulani ndani ya muda, kwa kawaida miezi mitatu, na muda huo unaweza kuanza siku ulipokubaliwa, si siku kadi ilipokufikia. Kutoa pesa kwenye ATM hakuhesabiwi, wala ada ya mwaka. Omba kadi pale unapokaribia matumizi makubwa ambayo yangekuwepo tu. Ukianza kununua vitu ili ufikie kiwango, bonasi imeshakula pesa yako.

Hatua ya 7: Soma kijitabu cha faida za safari

Nawasihi, kisomeni wenyewe.

Ada ya miamala ya fedha za kigeni ndiyo ya kwanza kuangalia. Kwenye kadi nyingi inafika asilimia 3, na hiyo inafuta pointi zote na kuzidi. Kadi ya msafiri isiwe na ada hiyo. Na ukiwa ugenini, mashine ikikuuliza kama unataka kulipa kwa sarafu ya kwenu au ya pale ulipo, chagua ya pale ulipo. Ukichagua ya kwenu, anayebadilisha fedha ni upande wa muuzaji, kwa kiwango ambacho kwa kawaida ni kibaya kwako.

Bima ya safari kwa kawaida inafanya kazi pale tu tiketi ilipolipiwa kwa kadi hiyo hiyo. Mzigo ukichelewa, usitoke uwanja wa ndege bila ripoti ya maandishi kutoka kwa shirika, na tunza kila risiti ya nguo na dawa utakazonunua. Bila karatasi hizo madai hayaendi popote. Bima ya gari la kukodi nayo mara nyingi inahusu gari lenyewe tu, haihusu mtu mwingine utakayemgonga wala gari lake.

Launji: angalia kama mwenzako anaingia bure, na ni mara ngapi kwa mwaka. Zikijaa, unaweza kukataliwa hata ukiwa na kadi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina deni kwenye kadi yangu ya sasa. Nikichukua mpya kwa ajili ya bonasi, nitumie bonasi hiyo kupunguza deni, si itasaidia?

Marahaba. Hapana, mwanangu. Ili upate bonasi lazima utumie kwanza, na ukitumia huku una deni, deni linakuwa mawili. Maliza la kwanza. Bonasi hutoka kila mwaka, hazikimbii.

Swali: Nikirudisha bidhaa dukani, pointi zinabaki?

Zinaondolewa. Kama ulishazitumia, salio linaweza kusoma chini ya sifuri mpaka ununue tena. Na kama bidhaa hiyo ndiyo iliyokufikisha kwenye kiwango cha bonasi, bonasi nayo inaweza kuondoka.

Swali: Nataka kumpa mume wangu kadi ya nyongeza. Kuna hasara?

Dada, pointi zenu zitaingia kapu moja na mtafika kwenye tiketi mapema. Ila deni lote ni lako mwenye akaunti, hata alilonunua yeye. Halafu uliza kama kadi ya nyongeza ina launji na bima, maana mara nyingi haina, au inalipiwa ada yake.

Swali: Mmiliki wa nyumba anakubali kadi lakini anaongeza asilimia 3. Nilipe kodi kwa kadi nipate pointi?

Rudi hatua ya 4. Kama kadi inakupa pointi 1 na pointi ni senti 1.6, unapata asilimia 1.6 kwa kulipa asilimia 3. Usilipe. Hali pekee ninayoweza kuikubali ni pale umebakiza kiasi kidogo kufikia bonasi kubwa na huna matumizi mengine halali, na hata hapo piga hesabu kwanza.

Swali: Kuna mtu ananiuzia maili zake kwa bei nafuu, ninunue?

Usinunue, ndugu. Masharti ya programu hizi yanakataza kuuziana. Shirika likigundua linaweza kufuta tiketi, hata kama umeshaanza safari, na kufunga akaunti. Pesa uliyompa mtu huyo huna pa kuidai.

Swali: Nataka kufunga kadi yenye ada. Pointi zangu?

Maili zilizokwisha ingia kwenye akaunti ya shirika la ndege kwa kawaida zinabaki kwako. Pointi zilizo kwa benki mara nyingi zinafutwa kadi inapofungwa, hivyo zitumie au zihamishe kabla. Kabla ya kufunga, piga simu uombe kubadilishiwa kwenda kadi isiyo na ada ya benki hiyo hiyo. Wakikubali, pointi nyingi za benki zinaendelea kuwepo na historia yako ya mkopo haikatiki. Piga mapema, kabla ada ya mwaka mpya haijakatwa.