Dogo anarusha kwa kasi? Kabla ya viatu vya njumu, mnunulie daftari

Tangu vijana wetu wa kriketi wa chini ya miaka 19 wafuzu Kombe la Dunia la 2026, lile la Zimbabwe na Namibia, kila dogo anayekuja kwangu kwenye neti, vile vizimba vya mazoezi, Upanga anataka kurusha kwa kasi. Mpira wa kuzungusha hawautaki kabisa. Siwakatazi. Ila mzazi akiniuliza aanze kununua nini, namjibu: daftari na kalamu.

Humo dogo aandike tarehe na idadi ya mipira aliyorusha kwa nguvu siku hiyo. Yote ihesabiwe: ya mechi, ya neti, hata ile ya mpira wa tenisi uliozungushiwa plasta anaocheza uchochoroni jioni. Tatizo la Dar ndilo hili: Ijumaa kijana anarushia shule, Jumamosi klabu, Jumapili binamu zake wanamwita Kisutu. Kila kocha anaona kipande chake, anasema "ova nne tu, si nyingi." Ova moja ina mipira sita. Jumlisha sehemu zote tatu uone.

Kwa nini nahangaika na hesabu? Mrushaji wa mkono wa kulia anatua na mguu wa kushoto mbele, na kishindo cha kutua kinaweza kufika mara tano ya uzito wa mwili wake au zaidi. Papo hapo kiuno kinajikunja kwenda nyuma, kinainama pembeni na kujizungusha. Nguvu hiyo inaishia kwenye pingili za chini za uti wa mgongo, hasa upande wa kushoto. Mfupa wa kijana wa miaka 15 haujakomaa. Ukiupa muda unajijenga. Ukiupiga kabla haujapona, unapata ufa. Hakuna siku moja ya kuilaumu, ndiyo maana wengi hawaamini wakiambiwa.

Wanaodhani haya ni mambo ya watoto wamwangalie Shane Bond wa New Zealand. Alikuwa polisi kabla ya kuingia timu ya taifa mwaka 2001, na kasi yake iliwatisha hata Australia: Kombe la Dunia la 2003 aliwaangushia wiketi 6, yaani aliwatoa wapigaji sita, kwa mikimbio 23. Kisha mgongo. Ufa ulirudi na kurudi mpaka madaktari wakamfanyia upasuaji wa kuunga pingili kwa titani. Alipomaliza mwaka 2009 alikuwa na wiketi 87 katika mechi 18 tu za Test, zile za kimataifa za siku tano. Kumi na nane, kwa miaka minane! Mechi yake ya mwisho ya Test, pale Dunedin dhidi ya Pakistan, alichukua wiketi nane, halafu mwili ukamgomea tena. Hakuwa mvivu wala mlegevu. Kipaji hakikingi mfupa.

Pat Cummins naye alianza Test Johannesburg mwaka 2011 akiwa na miaka 18, akachukua wiketi saba na kuwa mchezaji bora wa mechi. Test yake ya pili aliicheza 2017. Majeraha yalikula miaka yote ile ya kati. Baadaye akaja kuwa nahodha wa Australia, kwa hiyo wazazi msikate tamaa, lakini fikirieni angekuwa mtoto wenu, bila madaktari wa timu ya taifa nyuma yake.

Sasa kipimo. Waingereza kwa miaka mingi wamewawekea vijana wao kikomo, nami nakifuata: hadi miaka 13, ova 5 kwa mkupuo na zisizidi 10 kwa siku, miaka 14 na 15, ova 6 kwa mkupuo na 12 kwa siku. Asirushe siku tatu mfululizo, na kwa wiki zisizidi siku nne. Nahodha atanuna. Anune.

Kinachoumiza zaidi hapa kwetu, kwa maoni yangu, ni kuruka ghafla kutoka kidogo kwenda kingi. Masika inaingia Machi, viwanja vinajaa maji, vijana wanakaa nyumbani na simu hadi Mei. Juni jua likitoka, mashindano yanaanza, na aliyekuwa sifuri anataka kurusha mipira mia kwa wiki. Usimruhusu. Wakati wa mvua tafuta hata ukumbi au baraza pana, arushe mipira michache mara mbili kwa wiki, mwili usisahau. Kukianza kukauka, aongeze kidogo kidogo kila wiki. Na kama mazoezi ni juu ya saruji iliyotandikwa mkeka, kama yalivyo kwa vijana wangu wengi, punguza mwendo wa kukimbilia. Saruji haisamehi kisigino wala kiuno.

Mtindo wa kurusha mkague kwa simu. Simama nyuma yake, rekodi kwa mwendo wa taratibu, simamisha picha pale mguu wa nyuma unapotua. Mabega na kiuno vielekee upande mmoja. Kama kiuno kinatazama mbele na mabega yanajivuta pembeni, anajikamua mgongo kama nguo ya kufuliwa. Mpeleke kwa kocha arekebishwe sasa, kabla mazoea hayajashika.

Siku itafika atakwambia, "Kocha, shikamoo. Kiuno kinavuta tu kidogo." Muulize upande gani. Mrushaji wa kulia akigusa kushoto, chini, karibu na mkanda, mazoezi yake yameisha siku hiyo. Mwambie asimame kwa mguu mmoja, ajikunje nyuma taratibu. Kikichoma, ni daktari. Wala usimpe dawa ya maumivu kama diklofenaki ili amalize mashindano, na bibi asimchue. Mama mmoja aliniambia, "Lakini eksirei imetoka safi, mwalimu." Ufa mchanga mara nyingi hauonekani kwenye eksirei. Muulizeni daktari wa mifupa kuhusu kipimo cha picha cha MRI. Taasisi ya Mifupa Muhimbili ndiko wengi hupewa rufaa. Gharama si ndogo, najua, ila ufa uliogunduliwa mapema huwa na nafasi nzuri ya kuunga.

Akiambiwa apumzike miezi, apumzike miezi. Dennis Lillee alivunjika mgongo ziara ya West Indies mwaka 1973, akajijenga upya kwa subira, akastaafu na wiketi 355 za Test. Kipindi hicho dogo afanye mazoezi ya tumbo, makalio na mapaja kwa maelekezo ya mtaalamu wa fiziotherapia, na ajifunze kupiga. Timu zetu zina uhaba wa wapigaji wa mwisho wanaojua gongo la kupigia mpira ni la nini.

Kurudi kuanze kwa kurusha akiwa amesimama, kisha hatua chache, kisha nusu mwendo, na siku ya mapumziko kila baada ya siku ya kurusha. Kasi kamili ndiyo ya mwisho. Mechi ya kwanza mpeni ova mbili, na mumpange kudaka karibu na pichi, ule ukanda wa katikati ya uwanja. Mkimweka mpakani atakuwa anarusha mipira mirefu kutwa nzima, na hiyo hakuna atakayeikumbuka kuihesabu.