Kutafuta uchunguzi wa usonji ukubwani, Moshi na Arusha

Kabla ya kwenda hospitali, kaa na daftari. Usonji (autism), yaani tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na mahusiano na watu, haupimwi kwa damu wala picha ya kichwa. Daktari hutegemea historia, na dalili lazima ziwe zilianza utotoni, hata kama hakuna aliyezitambua. Kwa hiyo muulize mama, shangazi au kaka mkubwa: ulianza kusema lini, ulichezaje na wenzako, kelele au nguo fulani zilikusumbua? Andika mifano, si sifa. "Alikuwa mpole" haimsaidii daktari; "darasa la tatu alikaa peke yake kila mapumziko, na ratiba ikibadilika alilia" inamsaidia sana. Ripoti za shule ya msingi zenye maoni ya walimu zibebe.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa ya kuonana na daktari wa afya ya akili: hospitali ya Mawenzi au KCMC kwa Moshi, hospitali ya Mount Meru kwa Arusha. Ukitumia bima bila barua ya rufaa, unaweza kurudishwa.

Wengi hukwamia chumbani kwa daktari. Wanasema "sina usingizi, nina mawazo", wanaandikiwa dawa ya sonona (ugonjwa wa huzuni kubwa), wanaondoka. Sonona inaweza kuwepo kweli, na itibiwe, lakini taja usonji kwa jina na toa daftari lako mwanzoni. Madodoso ya mtandaoni ni ya kuchuja tu, hayathibitishi usonji.

Ukijiwa na mawazo ya kujiua, usisubiri rufaa: nenda idara ya dharura siku hiyohiyo, na mtu wa kukusindikiza.