Jinsi ya kuwatambua walinzi wa mlangoni kwenye mahekalu ya Kihindu

Ukifika hekaluni usikimbilie ndani, simama kwanza mlangoni uangalie kulia na kushoto, wale majamaa wawili wakubwa wa mawe wanaitwa dvarapala na kazi yao ni kulinda. Anza na mikono. Kama wameshika rungu, meno ya chonge yako nje, macho yamewatoka na kidole cha shahada kimenyooshwa kama wanakuonya, mara nyingi hapo ni kwa mungu Shiva. Wakiwa na ganda la baharini na gurudumu la chakra basi ni kwa mungu Vishnu, na hao wana majina kabisa, Jaya na Vijaya. Kwa mungu wa kike walinzi nao huwa wanawake.

Cheki pia miguuni, watu wengi wanaruka hapa wakati ndo kuna utamu. Pale Thanjavur, India kusini, hekalu la Brihadisvara lililokamilika 1010 enzi za mfalme Rajaraja Chola, kuna mlinzi ana nyoka anayemmeza tembo, yani fundi anakuambia tembo ni kadogo tu kwa nyoka, na nyoka mwenyewe si kitu kwa mlinzi, sasa pima mwenye nyumba ni mkubwa kiasi gani!

Af zunguka nje. Kwenye pembe unaweza kukuta miungu walinzi wa pande nane za dunia, Indra na tembo mashariki, Yama na nyati kusini. Kwenye hekalu la Rajarani pale Bhubaneswar, India mashariki, wamechongwa vizuri mno, mi nawapenda kuliko wote.